Mvalisha Nyumba Avuliwa Yake

Rangi nyekundu ilikuwa bado inachuruzika ukutani, na Jerioth bado ameshikilia mlango kwa mkono mmoja, vilevile kama tulivyomwacha gazetini Jumamosi iliyopita. Msidhani nimemsogeza. Mwanamke aliyeandikiwa HK kwenye nyumba yake hasogei upesi.

"HK ndiyo nini?" akauliza.

"Haikaliwi," akajibu Bwana Hezekia, mthamini, akifunika kopo lake la rangi ya kupuliza.

"Haikaliwi na nani?"

"Na mtu."

"Na mimi ni nani?"

Hezekia akatazama viatu vyake. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye kizibao cha kumetameta kilichomzidi mabega. Watu wa namna hiyo ndio wabaya. Mkali ungemgombeza, mambo yakaisha.

Kwa yule ambaye gazeti lake la wiki jana lilifungia maandazi, kisa ni kifupi. Mgodi wa dhahabu unapanuka, na kitongoji cha Nyakehere, huku Gorong'a, kinahamishwa chote. Nyumba inayokaliwa inaandikwa kitabuni, na mwenyewe anajengewa nyingine kule ng'ambo ya mto. Isiyokaliwa inasukumwa na greda bila hata asante.

Ndipo watu wakaanza kutegesha. Nyumba inainuliwa kwa wiki moja, matofali mabichi, bati la kuazima, inakaa inangoja fidia kama mtego unavyongoja panya. Ukiipigia chafya, inalala. Iko moja ilijengwa upepo ukiwa umesinzia. Upepo ulipoamka, nyumba ikahamia shamba la jirani, na jirani akatoka na ufunguo wake kabisa akidai ni ya baba yake.

Sasa tegesha haitoshi kusimama. Lazima ionekane watu wanalala humo, wanagombana humo, wanaunguza uji humo. Hapo ndipo alipohitajika Jerioth, binti wa mzee Ochieng, yule fundi cherehani wa Nyamisangura, na mjane wa Werema. Mpe gunia, mpe chokaa kidogo na kitenge kilichochanika, asubuhi akurudishie sebule. Walimwita mvalisha nyumba.

Na shemeji yake Machage, mdogo wa marehemu, alikuwa na tegesha saba.

"Nivalishie zote," alimwambia, "na mimi nitawaambia wazee wa ukoo wakuache kwenye nyumba ya kaka."

Maana wazee walikuwa wameshaanza kuuliza mwanamke wa Kijaluo, asiye na mtoto wa kiume, anaikalia nyumba ile kwa sababu gani. Nyumba yenyewe ni vyumba vitatu na baraza. Lakini Jerioth ameisiriba kwa mikono yake miaka kumi na tisa, na mahali pengine pa kulala hana.

Akazivalisha sita. Ya saba vitu vikaisha. Akageukia kwake. Yakaenda mapazia, yakaenda makochi na vitambaa vyake vya kufuma, ikaenda picha ya harusi, yakaenda mafiga matatu ya jikoni. Yakaenda hata masizi! Masizi ya miaka kumi na tisa aliyakwangua darini kwa kisu, akayajaza kopo la siagi, akayachanganya na maji ya uji na kuyapaka kwenye jiko la Machage ambalo halijawahi kuona moto. Mwisho kabisa wakambeba mama mkwe, bibi Waisiko, na stuli yake, akakae mle kama bibi wa nyumba.

Hesabu yao ilikuwa safi. Mthamini aanzie juu, kwa Machage. Mchana achinjiwe mbuzi. Aliyekula mbuzi wa Machage hainuki kabla ya saa tisa, na kufikia hapo kila kitu kimesharudi kwa Jerioth.

Nani katika Tarime nzima angewaza kwamba duniani yupo mtu mzima, mwenye meno yake, anayekataa mbuzi?

Hezekia ana vidonda vya tumbo. Alikunywa kikombe kimoja cha maziwa, akasema Mungu awabariki, akateremka moja kwa moja na kopo lake la rangi.

"Nimekuta ukuta mtupu," alisema sasa. "Sakafu tupu. Jikoni hakuna hata jivu, mama. Nyumba anayopikia mtu ina masizi."

Jerioth akafungua mdomo kumweleza masizi yako wapi. Akaufunga. Kusema hivyo ni kuangusha nyumba saba za Machage, na ya Regina jirani yake, na za nusu ya kitongoji. Angeamka kesho bila nyumba na bila jirani.

"Nilikuwa nafanya usafi," akasema.

"Usafi wa kuondoa mafiga?"

"Usafi mkubwa."

Hezekia alikohoa, nadhani alikuwa anaficha kicheko. Akatazama saa.

"Sikiliza, mama. Nimebakiza nyumba tatu upande ule wa kijito. Saa kumi nafunga kitabu cha Nyakehere na gari linaondoka. Nitapita hapa. Ukinionyesha kwamba mtu anaishi humu, alama hii naifuta mwenyewe. Ila wewe usiiguse. Ukiipaka chochote, sitaweza kukusaidia tena."

Ilikuwa saa saba na nusu.

Jerioth alipanda kile kilima kama anafukuzwa. Mbele ya nyumba ya saba ya Machage alimkuta mama mkwe wake pale pale alipowekwa, kwenye stuli, kanga mpya kichwani, mikono magotini, amekasirika kama mtu aliyesahauliwa kituo cha basi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wamemaliza kunipiga picha? Yule wa kizibao alinipiga mara mbili, hakuniambia hata nicheke."

"Mama, nyumba yetu imeandikwa haikaliwi."

"Bila shaka haikaliwi! Mimi mkaaji si niko huku?"

Machage akatoka ndani akijipangusa mafuta ya mbuzi mdomoni. Mrefu, kofia ya pama, pua ndefu ya kwao. Jerioth hakumpa hata salamu.

"Shemeji, nipe vitu vyangu. Sasa hivi."

"Vitu gani?"

"Machage!"

"Shemeji, tulia. Vimeshapigwa picha. Yule mtu ana kamera na ana macho. Akikuta pazia lile lile la maua kwangu na kwako, atajua. Ataanza kupima kila nyumba kwa kuipiga teke. Unataka Regina akose? Unataka kitongoji kizima kikulaani?"

"Basi nipe picha ya harusi yangu peke yake. Nitaifunika na kitambaa."

Machage akavua kofia, akaitazama ndani kama kuna kitu kimeandikwa humo.

"Hiyo ndiyo kabisa haitoki."

"Kwa nini?"

"Aliniuliza mwanamke wa kwenye picha ni nani."

"Ukasema?"

"Mke wangu."

Kuku mmoja wa kukodi alipita katikati yao. Kuku wale walikuwa wameshalala nyumba nne wiki hiyo, hata wenyewe hawakujua tena kwao ni wapi.

"Umesema nini, Machage?"

"Tunafanana na marehemu! Pua ni hii hii. Nyumba yenye mume na mke inaaminika. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kwamba nyumba bila mwanamke inaonekana ghala."

"Mimi nilikataa kurithiwa. Mbele ya wazee wote, miaka mitano leo."

"Na mimi nilikukubalia," alisema Machage, na sasa hakuwa akitabasamu. "Miaka mitano nimekuacha. Ningekutaka, ningekuacha?"

Bibi Waisiko akainuka kwenye stuli. Ilimchukua muda, lakini aliinuka.

"Mura, kijana wangu," akamwambia mwanawe, "nikufae vipi tena? Umeniazima, nimeazimika. Mimi si kapeti. Narudi kwangu."

"Mama, akirudi kupiga picha nyingine?"

"Mwambie nimekufa. Nyumba yenye msiba inaaminika zaidi."

Akateremka kilima ameshika mkono wa mkwewe. Hilo tu ndilo Jerioth alilorudi nalo: bibi mmoja wa miaka themanini, na stuli akaiacha.

Saa nane na robo.

Nyumba tupu inatisha mchana kuliko giza. Mlio wa viatu vya Jerioth ulirudi kutoka kila kona. Pale lilipokuwa kochi palibaki alama nne za miguu ya kochi sakafuni.

"Utalia baadaye," alisema Waisiko. "Una mikono miwili. Mimi ninayo miwili, ila mmoja unatetemeka. Tuseme mitatu na nusu."

Mara Regina akaingia mbio, jirani wa upande wa kulia, mnene, mchangamfu, mwenye tegesha moja ya vyumba viwili ambayo Jerioth aliivalisha bure kwa ajili ya ujirani.

"Nimesikia. Niambie nilete nini. Vyangu navyo vimepigwa picha, nisikudanganye."

"Leta ambavyo hakuna mtu angevipiga picha," akasema Jerioth.

Na akaanza kazi.

Wanawake wenzangu wasomaji, na wanaume mnaosoma kwa kuchungulia, hapa tazameni vizuri. Udongo mweupe wa kijito, ndoo mbili, ukachekechwa kwa chandarua kuukuu, ukachanganywa na uji mwembamba wa muhogo ili usichafue nguo ya anayeegemea. Ukuta wa mbele ukapigwa kwa matambara, HK ikaachwa katikati kama kovu. Chini, usawa wa goti, Jerioth akazungusha mstari wa udongo mwekundu ili matone ya mvua yasionekane yakiruka. Sakafu ikapigwa samadi ya ng'ombe na majivu, ikachorwa mawimbi kwa vidole vinne.

Kreti mbili za soda zikageuzwa juu chini, zikawekewa sandarusi iliyojazwa maganda makavu ya mahindi, zikafunikwa kitenge cha Waisiko. Zikawa makochi. Gunia la mkaa likafuliwa, likachanguliwa nyuzi pembeni, likaning'inia dirishani. Ukilitazama kutoka nje jua likipita ndani yake, ungesema limetoka dukani Musoma. Kalenda ya mwaka juzi ikakatwa picha zake, zikagandishwa kwa ugali kuzunguka kipande cha kioo. Maua ya porini kwenye chupa ya dawa ya kikohozi.

"Na jikoni?" Regina akauliza.

Jerioth akasimama.

"Leta magunzi mabichi ya mahindi. Tuyachome mlango umefungwa. Yanatoa moshi mzito, unashika bati kwa nusu saa."

Alilisema haraka, kama fundi anavyosema. Kisha akakaa juu ya ndoo.

"Nini?" akauliza Regina.

"Nimefanya hivi nyumba nane. Nilikuwa nacheka nikifanya." Akatazama viganja vyake vyeupe kwa udongo. "Sasa naigiza kuishi mahali ninapoishi. Na nikikosea, nafukuzwa kwangu."

Regina akaenda kuleta magunzi.

Moshi ukawakohoza hadi machozi. Waisiko alikaa mlangoni akiwapungia kwa ungo.

"Mafiga yangu nilipewa na mama mkwe," alisema. "Aliyepewa na wake. Leo yapo kwa Machage yakipigwa picha. Mimi nilifikiri nimeshaona wizi wote. Ng'ombe nimeona, shaba ya nyaya nimeona. Masizi sijaona."

Saa kumi kasoro dakika tano, gari la mthamini likalia kule bondeni.

Hezekia aliingia, akasimama katikati ya sebule. Aligusa pazia la gunia, akaketi juu ya kreti. Maganda ya mahindi yakalia chini yake, naye akatabasamu. Akaenda jikoni, akapitisha kidole kwenye bati, akakitazama kidole. Cheusi.

"Saa saba hakikuwa hivi," akasema.

"Saa saba ulinikuta kwenye usafi."

"Mama, hii ni nyumba nzuri. Ni nzuri kuliko yangu, na yangu nimeipaka rangi ya dukani." Akatoa kitambaa, akafuta kidole polepole. "Tatizo ni kwamba mkono huu naujua. Huu mstari mwekundu nimeuona leo. Na mlangoni, pale mtu anaposhika kila siku, mmepaka mafuta ili paonekane pamechakaa. Mafuta hayo hayo, usawa ule ule, nimeyaona kwenye nyumba nane."

Regina, aliyekuwa amesimama karibu na dirisha, akashusha macho. Ya nane ni yake.

"Nikiandika kwamba hapa panaishi mtu," Hezekia akaendelea, "nitawezaje kusema kule hapaishi? Na nikisema kule hapaishi, hapa nitasemaje?"

"Kweli kabisa, mheshimiwa!"

Ilikuwa sauti ya Machage. Alikuwa amefika na pikipiki yake, ameiacha nje, ameegemea mlango pale pale penye mafuta.

"Shemeji yangu ana mapenzi na mapambo tu," alisema. "Hapa ni stoo ya ukoo. Anakuja kufagia."

Jerioth akamgeukia.

"Shemeji?" Hezekia akafungua kitabu chake, akarudisha kurasa. "Asubuhi uliniambia vingine. Nyumba namba saba: Machage, mke Jerioth, mama mzazi Waisiko. Picha ya harusi ukutani. Mama, jina lako nani?"

"Jerioth."

"Basi wewe umeshaandikwa. Mtu mmoja hawezi kukaa nyumba mbili. Ukiwa mke wa huyu, nyumba yako ni ile, na hii alama inabaki."

Hapo ndipo kila kitu kilipomwangukia kwa pamoja. Hakuazimisha mapazia peke yake. Jina lake lilikwenda na vitu, likabaki huko. Kitabu kikifungwa hivyo, atapewa nyumba ng'ambo ya mto ndani ya boma la Machage, mwanaume aliyemkataa mbele ya wazee, na hii ya kwake itasukumwa na greda Jumatatu.

Akamtazama Regina. Regina akatikisa kichwa kidogo sana. Usiseme.

Machage naye akamtazama. Usithubutu.

"Andika," Jerioth alisema, na sauti yake haikutetemeka, nami nampa heshima kwa hilo. "Mimi si mke wa huyu. Ile ni picha yangu na marehemu mume wangu Werema. Makochi ni yangu. Mapazia ni yangu. Masizi ya jikoni kwake ni yangu, niliyakwangua hapo juu kwa kisu. Nyumba zake saba hajawahi kulala humo hata paka."

"Yawa!" akaguna mwenyewe baada ya kusema, kwa lugha ya kwao, kama aliyemwaga chungu.

"Ujane umempanda kichwani," Machage akasema taratibu. "Mheshimiwa, muulize jirani. Regina! Huyu analala hapa?"

Kila mtu akamgeukia Regina. Mwanamke aliyekula ugali kwenye sebule hii mara zisizohesabika. Ambaye watoto wake wawili walizaliwa chumba cha pili, mikononi mwa Jerioth.

Regina akafunga fundo la kitenge chake, likafunguka, akalifunga tena.

"Mimi," akasema, "ya watu siyajui."

Akatoka nje bila kumtazama mtu.

Hezekia akashusha pumzi. "Mama, nina neno lako na neno lake. Hati huna. Picha iko kwake. Nikupe nini cha kuandika?"

Jerioth akafikiri. Kisha akasema, "Njoo nyuma."

Nyuma ya nyumba, kati ya migomba na uzio wa minyaa, palikuwa na kaburi la Werema, aliyeporomokewa na shimo la dhahabu miaka mitano iliyopita. Msalaba wa saruji, jina, tarehe. Mkurya hazikwi kwenye stoo, anazikwa kwake, na hilo hata mtoto wa Nyakehere anakuambia.

"Huyu hapa ndiye mume wangu," Jerioth alisema. "Hii ndiyo hati yangu."

Hezekia akavua kofia. Nusura aandike, kalamu ilishagusa karatasi.

Machage akacheka.

"Mheshimiwa, wiki hii kitongoji hiki kimezaa makaburi mapya kumi na moja. Umeyaona mwenyewe. Wafu wote hao wametoka wapi, na kanisani hatujapiga kengele hata mara moja? Kaburi nalo linategeshwa kwa fidia."

Hilo lilikuwa kweli, na Hezekia alilijua. Lilikuwapo moja juu kule lenye msalaba wa mti ambao bado unachipua majani.

"Lenye mashaka, taratibu inasema lifunguliwe," alisema kwa shida. "Lakini kwa ridhaa ya familia tu. Sikulazimishi, mama."

"Fungueni!" Machage akadakia. "Mimi ni familia, naridhia. Jembe liko wapi?"

Alilisema kwa furaha. Mtu anafurahije kufukua kaburi la kaka yake? Jerioth hakuwa na nafasi ya kujiuliza. Aliona nyumba yake, aliona greda, akaona kitu kimoja tu kimebaki kati ya vitu hivyo viwili.

"Werema atanisamehe," akasema. "Hata akiwa amelala ananitetea. Fungueni."

Akalichukua jembe mwenyewe, lililoegemezwa kwenye mgomba. Akaliinua.

"Liweke chini."

Bibi Waisiko alikuwa amefika bila mtu kumsikia. Akapita katikati yao, akajishusha taratibu, akaketi juu ya kaburi kama anavyoketi kwenye stuli yake.

"Mama, hili ndilo linaloiokoa nyumba."

"Hili ndilo linaloimaliza. Humo hamna mtu, binti yangu. Kuna mgomba."

Jembe likateleza mikononi mwa Jerioth.

"Jeneza lilikuja limepigiliwa misumari, unakumbuka? Wakakuambia shimo limemharibu, usimtazame. Halikumharibu. Walikuwa wanamtafuta wenye shimo lile, wamuue kwa alichokiokota humo. Machage akakata mgomba, mimi nikauvika sanda. Na mwanangu nikamvusha mpaka pale Sirari kwa mkono huu huu unaotetemeka. Alikuwa anatembea kwa miguu yake."

"Mama," Jerioth alisema. "Mama."

"Nilikuwa nangoja hatari ipite nikuambie. Kila mwaka naambiwa bado. Barua zake zinakuja. Ya mwisho imekuja Jumatatu."

"Wewe hujui kusoma."

"Ananisomea Machage."

Hezekia alifunga kitabu chake, kisha akakifungua tena, kama mtu anayetaka kuhakikisha kwamba bado ni mthamini. Akamtazama mwanamke aliyepoteza mume mara ya pili kwa kuambiwa yuko hai.

"Mama Jerioth. Mwenye nyumba kama yu hai, hahitaji kaburi. Asimame hapa mlangoni kwake, aseme huyu ni mke wangu na hapa ni kwangu, nami nafuta alama na ninaandika. Gari naweza kulisingizia tairi. Lakini si zaidi ya kesho saa sita mchana."

"Yuko mji gani?" Jerioth alimshika mama mkwe mabega. "Mama! Barua zinatoka mji gani?"

"Kenya. Mimi nitajua mji? Jina liko nyuma ya bahasha. Bahasha anakaa nazo yeye."

Wakageuka wote watatu.

Pale aliposimama Machage palikuwa na migomba inayotikisika. Upande wa mbele, pikipiki iliguna mara moja, ikawaka, na Jerioth akakimbia hadi kona ya nyumba. Aliwahi kuliona vumbi tu. Halikupanda kilimani kwenda kwenye nyumba saba. Lilishika barabara ya Sirari.